Nani Alimruzuku Nani?

Neno ruzuku ni ndugu wa riziki. Katika Kiswahili cha wazee, anayeruzuku ni Mungu: humruzuku kiumbe chakula, mvua na uhai, na kiumbe hana cha kumlipa isipokuwa shukrani. Serikali ilipolichukua neno hili na kulitia katika hotuba za bajeti, ililichukua pamoja na heshima yake. Tangu hapo mkulima anayepunguziwa bei ya mbolea au ya dawa huonekana kama mtu aliyeshukiwa na neema, na anayependekeza ruzuku ifutwe huonekana kama mlezi anayemfundisha mvivu kujitegemea. Nimeyasikia maneno ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 40, katika redio, katika mikutano ya kijiji na katika vyumba vya walimu. Katika insha hii nataka kuyapima kwa mizani ya mahali pamoja tu, yaani Machame, na kwa zao moja tu, yaani kahawa. Mwalimu hawezi kuacha tabia ya kudai kuona njia ya hesabu kabla ya kukubali jibu.

Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya misheni na ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi, ofisa mmoja aitwaye Charles Dundas aliwatia moyo Wachagga wapande mibuni katika vihamba vyao, katikati ya migomba. Walowezi wa Moshi hawakufurahi. Walisema Mwafrika hataweza kuitunza kahawa, na magonjwa ya mibuni yake yataenea hadi katika mashamba yao. Wengi waliona kwamba hofu yao hasa ilikuwa nyingine: mwenye kahawa yake mwenyewe haendi kuwa kibarua kwenye kahawa ya mwenzake. Huko Kenya walowezi walishinda, na Waafrika wakazuiwa kwa muda mrefu kupanda kahawa aina ya arabika. Huku kwetu hawakushinda.

Hawakushinda kwa sababu wakulima walijipanga. Mwaka 1925 kilianzishwa chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi zake KNPA, na rais wake wa kwanza akawa Joseph Merinyo. Kazi ya chama ilikuwa kutetea haki ya mwenyeji kulima kahawa, na pamoja na hiyo, kupambana na wadudu na magonjwa. Naomba msomaji akiweke kipengele hiki cha pili moyoni, maana ndicho kiini cha insha nzima. Watu wale walikwisha kuelewa, kabla ya kuwapo mtaalamu wa uchumi wa kuwaeleza, kwamba mdudu wa kahawa si adui wa mtu mmoja. Ukinyunyizia dawa mibuni yako na jirani yako asinyunyizie ya kwake, umefanya kazi bure. Ndiyo maana dawa ilihesabiwa kuwa jambo la chama, na gharama ya chama ilitoka katika kahawa ya wanachama.

Mwaka 1933 KNPA iliondoka na mahali pake pakaingia KNCU, umoja wa vyama vya msingi vya ushirika. Mwaka uliofuata, 1934, kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa Lyamungo, hapa hapa Machame. Aina za mibuni ambazo baba zetu walizipanda, N39 na KP 423, zilienezwa kutokana na kazi ya kituo kile. Lakini utawala ulitia amri pia: kahawa yote ya mwenyeji iuzwe kupitia KNCU, atake asitake. Bei ilikuwa mbaya wakati ule, na wengi hawakuona fedha zao zinakokwenda. Mwaka 1937 zikazuka ghasia za kahawa mlimani, na serikali ikatumia nguvu kuzizima. Ghasia zile zilitufundisha somo ambalo limesahauliwa mara nyingi tangu hapo. Mchagga hakukataa kukatwa fedha kwa ajili ya jambo la wote. Alikataa kukatwa bila kuonyeshwa hesabu.

Mwaka huo huo wa 1933, ng'ambo ya bahari, serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa wakulima wake ili wapunguze mashamba, bei zipate kupanda. Ulaya nayo ilipoungana katika soko lake la pamoja ikatunga, mwaka 1962, sera ya kilimo iliyowahakikishia wakulima wake bei nzuri kwa fedha ya umma. Sitaji mambo haya kwa wivu. Nataka tu ikumbukwe kwamba nchi zilizokuja baadaye kutufundisha kuwa ruzuku ni dhambi zilikuwa zimeitenda dhambi hiyo kwa miongo mingi, na hazijaiacha hadi leo.

Miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya neema. Bei ya kahawa ilipanda, na matunda yake yakaonekana kwa macho: maghala ya vyama, barabara, hosteli na chuo cha KNCU mjini Moshi, na zaidi ya yote, shule. Ushuru uliokatwa kwenye kahawa uliwasaidia Wachagga kujenga shule na kulipa walimu wakati mikoa mingine ikingoja. Sisi tuliozaliwa wakati ule tulisomeshwa na mibuni. Kalenda ya shule yenyewe ilikwenda na kalenda ya chama: mzazi alilipa karo baada ya malipo ya awali, akanunua sare baada ya malipo ya pili, na deni la duka likangoja malipo ya mwisho. Nilipokuwa mwalimu niliweza kujua hali ya soko la dunia bila kusoma gazeti. Nilitazama miguu ya wanafunzi asubuhi ya kufungua shule, nikahesabu viatu vipya.

Halafu ukaja ugonjwa wa chulebuni. Uliingia katika nchi yetu miaka ya 1960, ukaikuta Machame ya juu, yenye baridi, ukungu na mvua, ukaona umefika nyumbani. Ni ukungu wa aina ya kuvu unaoshambulia tunda likiwa bado bichi. Tunda hupata doa jeusi lililobonyea, kisha hukauka au kuanguka. Mkulima anaweza kuona mti umebeba vizuri mwezi wa tatu, na kufika wakati wa kuchuma akakuta matunda yametapakaa chini. Kinga yake wakati ule ilikuwa dawa, hasa ile ya mrututu, na si mara moja wala mara mbili. Ilibidi kunyunyizia tena na tena kwa kipindi chote cha mvua. Kwa mwenye kihamba cha ekari moja au mbili, gharama ile haikuwa ndogo. Na hapa sheria ya mwaka 1925 ikajirudia: chulebuni haijui mpaka wa kihamba. Mjane aliyeshindwa kununua dawa aliwaharibia kahawa majirani zake wote, wakiwamo walionunua.

Basi dawa ikawa jambo la umma. Ililetwa chamani, mkulima akaichukua kwa bei ya chini au bila kutoa fedha mkononi, na gharama ikakatwa huko mbele katika kahawa. Hii ndiyo iliyoitwa ruzuku ya pembejeo. Tuone sasa ilitoka mfuko gani.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwa mojawapo, na mwaka 1977 kazi yao kwa upande wa kahawa ikapewa mamlaka ya serikali. Jambo hili lilitokea wakati wa ajabu. Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko watu walivyopata kuona. Yaani mkulima alinyang'anywa chama chake mwaka ambao chama hicho kingepata fedha nyingi kuliko miaka yote. Bei aliyolipwa ilipanda kiasi, lakini sehemu kubwa ya neema ile ilibaki katika kodi ya mazao yanayokwenda nje na katika gharama za mamlaka yenyewe.

Makato haya yalikuwa yanaonekana. Kulikuwa na makato mengine yasiyoonekana, na hayo ndiyo makubwa. Nitayaeleza kama nilivyokuwa nikiyaeleza kwa wanafunzi wangu. Chukua kiasi cha kahawa chenye kuuzwa nje kwa dola moja. Mwanzoni mwa mwaka 1986, dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa takribani shilingi 17. Mkulima alihesabiwa fedha yake kutokana na shilingi hizo 17, na kabla hazijamfikia zilipunguzwa na usafiri, ukoboaji, kodi na mishahara. Lakini dola ile ile, kwa mtu aliyeihitaji mtaani, ilikuwa na thamani mara kadhaa zaidi. Ukienda dukani kutafuta bati, shati au betri za redio, kama vilikuwapo, uliuziwa kwa bei ya mtaani. Kwa hiyo mkulima aliuza kwa shilingi ya serikali na kununua kwa shilingi ya magendo. Tofauti ya hizo mbili ilikuwa kodi, ingawa haikupitishwa na Bunge kwa jina hilo, na hapakuwa na stakabadhi yake. Kisha huyo huyo akapewa mfuko wa mrututu kwa bei nafuu, akaambiwa ashukuru kwa kuruzukiwa.

Sisemi kwamba fedha ile yote iliibwa. La hasha. Ilijenga zahanati na shule katika mikoa isiyokuwa na kahawa, ililipa vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ilinunua mafuta yaliyopanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Sehemu ilikwenda kupunguza bei ya mbolea kwa wakulima wa mahindi wa Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ambako ndiko mbolea nyingi ya ruzuku ilikotumika. Mahindi hayo tuliyala pia sisi wa Moshi. Taifa ni kuchangiana, na mimi niliyefundisha watoto wa makabila yote siwezi kulalamikia hilo. Ninachokataa ni kubadilishwa kwa majina: aliyechangia akaitwa msaidiwa.

Tuje katika mjadala wenyewe wa kubana matumizi. Watu wengi siku hizi hudhani ulianza na wazungu wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa kweli ulianza ndani ya serikali yetu wenyewe. Mwaka 1979 Edwin Mtei, mtoto wa Marangu, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo Waziri wa Fedha, aliona kwamba hazina haiwezi kuendelea hivi, na kwamba hatuna budi kupatana na Shirika hilo. Mwalimu Nyerere alikataa masharti yake. Mtei akajiuzulu, na mwanzoni mwa 1980 Mwalimu akauliza mbele ya mabalozi ni tangu lini Shirika lile limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hapa mlimani wazee waligawanyika. Wapo waliosema Mtei anaijua hesabu. Wapo waliosema Mwalimu anaijua heshima. Nikiyatazama leo naona kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya kweli, na nchi ilihitaji mtu wa kuziunganisha nusu hizo mbili.

Kwa maana hesabu ilikuwa mbaya, hilo halina ubishi. Serikali ilitumia kuliko ilichokusanya, ikaziba pengo kwa kuchapa noti, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mwalimu aliyelipwa mshahara Januari alikuwa maskini zaidi ifikapo Desemba bila mtu yeyote kumpunguzia senti. Hata ruzuku yenyewe ilikuwa imeoza pembeni. Dawa ilifika baada ya mvua kwisha. Mabomba ya kunyunyizia yalikosa vipuri. Katika chama kimoja nilichokifahamu, ambacho sitakitaja, mifuko iliganda ghalani hadi ikawa mawe, huku karani akiandika kila mwaka kwamba imegawiwa. Anayetetea ruzuku bila kuyakiri haya hawezi kuaminiwa na mkulima, kwa sababu mkulima aliyaona.

Mwaka 1984, chini ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ambaye naye ni mtu wa mkoa wetu, ruzuku ya sembe iliondolewa. Mwaka huo huo KNCU ilifufuliwa. Mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, Tanzania ilitia saini mapatano na Shirika la Fedha. Shilingi ikaanza kushuka, na kufikia mwaka 1990 dola moja ilikuwa karibu shilingi 200. Kwa nadharia hiyo ilikuwa habari njema kwa mkulima wa kahawa, kwa sababu ile kodi isiyoonekana ilianza kuondoka. Wataalamu walisema: sasa atalipwa bei ya haki, basi hahitaji ruzuku. Katika mwaka ule ule wa 1986, serikali ya Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 25 kuwasaidia wakulima wake. Yaani mlo wenye mafuta ulibaki mezani kwa daktari, na mgonjwa akaandikiwa uji.

Nadharia ile ilikuwa na pengo, na pengo lenyewe lilikuwa wakati. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Dawa, kwa kuwa hutoka nje, ilipanda bei kila shilingi iliposhuka. Kahawa, ambayo ingelipia dawa, haikupanda. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua: ya mbolea, iliyokuwa takribani asilimia 70 ya bei msimu wa 1990/91, ilikuwa sifuri msimu wa 1994/95. Kwa mwenye kihamba, mambo haya matatu yalimfika katika kipindi kimoja. Wizarani pengine yalikuwa katika majalada matatu tofauti.

Kisha likaja la nne. Sheria ilibadilishwa mwaka 1993, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuja vijijini. Walikuja na fedha taslimu, na kwa bahati yao Brazil ilikuwa imepigwa tena na baridi katikati ya 1994, bei ikawa juu. Watu walifurahi sana, na wengi waliamini kwamba soko huria ndilo lililoleta bei ile. Lakini tazama kilichotokea chini kwa chini. Chama kilikuwa kikimkopesha mkulima dawa kwa sababu kilijua kahawa yake itapita katika mizani yake, na deni litakatwa hapo. Sasa mkulima aliweza kuchukua dawa kwa chama na kuuza kahawa kwa mwenye gari njiani. Mkopo haukuwa na dhamana tena, na chama kikaacha kukopesha. Mwenye gari hakukopesha dawa, kwa sababu yeye alinunua kahawa ya mwaka huu na hakuwa na shughuli na ya mwaka ujao. Kwa hiyo katika miaka michache ruzuku iliondoka, na mkopo nao ukaondoka. Ile kazi iliyokuwa ya wote tangu 1925, ya kuwazuia wadudu na magonjwa yasivuke mipaka ya vihamba, haikuwa tena ya mtu yeyote.

Matokeo yake anayefika Machame anayaona bila kuelezwa. Wenye uwezo waliendelea kunyunyizia kwa muda, lakini walizungukwa na mibuni isiyotibiwa, wakakata tamaa. Wengine waliacha kupogoa. Wengine waling'oa kabisa, wakapanda nyanya, mahindi na majani ya ng'ombe wa maziwa. Bei ilianguka tena, na mwaka 2001 kahawa katika soko la dunia iliuzwa kwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Sikuwalaumu waliong'oa. Mkono mtupu haulambwi, na mbuni usiozaa nao haulimwi. Lakini mahali pa shule mibuni ilikuwa inalipia, na karo zilikuwa zimekwisha kurudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Nimewaona vijana wenye akili wakirudishwa nyumbani kutafuta karo, na nyumbani pakiwa na miti ile ile iliyowasomesha baba zao, imesimama bila tunda. Baadhi yao walishuka Moshi na Dar es Salaam kufanya biashara ndogo ndogo. Wengine walifanikiwa sana, na leo ndio wanaojenga nyumba nzuri mlimani ambazo hufunguliwa Desemba na kufungwa Januari. Lakini kihamba kinataka mtu wa kukaa.

Baadaye upepo uligeuka. Mwaka 2003 viongozi wa Afrika waliokutana Maputo waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Mwaka ule ule serikali yetu ikaanza tena kuchangia gharama ya mbolea. Malawi ilianza mpango wake mkubwa wa mbolea na mbegu mwaka 2005, wafadhili wakinung'unika. Kuanzia msimu wa 2008/09 zikaja vocha za pembejeo hapa kwetu, zilizolipa nusu ya bei ya mbolea na mbegu kwa ekari moja ya mahindi au mpunga, na Benki ya Dunia, ile iliyokuwa imeshauri ruzuku iondolewe, ikatoa mkopo wa kuigharamia. Zilisaidia wengi, na zilizaa pia majina ya wakulima wasiokuwapo duniani na saini za watu waliokwisha kuzikwa. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipopandisha bei ya mbolea, Rais Samia alizindua ruzuku mpya siku ya Nane Nane kule Mbeya. Bajeti yake ilikuwa shilingi bilioni 150, wakulima waliandikishwa katika daftari la kidijitali, na mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ukauzwa kwa mkulima kwa shilingi 70,000. Safari hii mkulima wa kahawa hakuachwa nje.

Na mara mjadala wa zamani ukarudi na nguo mpya. Wapo wanaosema fedha hizo zingejenga barabara na kununua dawa za hospitali. Wapo wanaosema bila mbolea hatutakula, na asiyekula haendi hata hospitali. Wote wana hoja. Kwa kuwa nimeishi chini ya ruzuku, kisha bila ruzuku, kisha chini yake tena, naomba kuwawekea wabishani hawa maswali matatu, na nadhani anayeyajibu vizuri hatapotea sana.

Swali la kwanza: je, mkulima huyu amekatwa kiasi gani kabla ya kupewa? Ruzuku isihesabiwe peke yake. Iwekwe katika ukurasa mmoja na ushuru wa mazao, tozo za bodi, makato ya chama na bei ya shilingi. Ikiwa makato ni makubwa kuliko ruzuku, basi dawa iliyo nyepesi kuliko zote ni kumpunguzia makato. Fedha isiyotoka kijijini haihitaji karani wa kuirudisha.

Swali la pili: je, jambo hili ni la mtu mmoja au la wote? Mbolea ninayoweka katika mahindi yangu huninufaisha mimi, na naweza kuambiwa niilipie, pengine kidogo kidogo. Lakini kinga ya chulebuni, maji ya mifereji inayotoka msituni, na utafiti wa mbegu ni mambo ambayo faida yake huvuka mpaka wangu. Hayo yakiachwa kwa kila mtu na mfuko wake, hayafanyiki. Hapo kubana matumizi si uangalifu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la tatu: je, ruzuku hii ina mwisho? Hapa ndipo Lyamungo inaponipa moyo. Wakati siasa zilipokuwa zikipanda na kushuka, watafiti waliendelea kuchavusha mibuni na kungoja miaka, kwa sababu mti hauharakishwi na hotuba. Mwaka 2001 kituo kiliingia chini ya taasisi mpya ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inayochangiwa pia na wakulima na wadau wengine wa kahawa, na katikati ya miaka ya 2000 zikaanza kutolewa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye mbuni wa aina hiyo hahitaji tena kunyunyizia mrututu mvua nzima. Fedha ya umma iliyotumika katika utafiti ule imepunguza haja ya fedha ya umma katika dawa, miaka yote ijayo. Laiti sehemu ya kile kilichotumika kununua dawa iliyoganda ghalani ingekwenda Lyamungo mapema, pengine miche ile ingetufikia kabla ya watu kushika mashoka.

Februari 2025 bei ya arabika katika soko la dunia ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo wazazi wetu hawakupata kuiota. Wenye mibuni waliuza vizuri. Walio wengi katika vitongoji vya kwetu hawakuwa na cha kuuza. Mche wa kahawa huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa, na bei nzuri haingoji miaka mitatu. Waliopanda miche mipya mapema, bei ikiwa si kitu cha kujivunia, walifanya hivyo kwa kuwa mtu fulani, serikali au chama au taasisi, aliwapunguzia gharama ya kungoja. Nadhani hiyo ndiyo maana bora ya ruzuku ambayo miaka yangu imenipa: ni watu wote kumsaidia mkulima kungoja, kwa fedha ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka katika jasho lake mwenyewe.

Vijana wetu watakaokaa katika meza za kupanga bajeti wataambiwa tena kwamba wakati umefika wa kubana matumizi. Huenda itakuwa kweli. Wabane, lakini kwanza wafungue daftari pande zote mbili, wa kutoa na wa kupokea, na waangalie jina la mkulima limeandikwa upande gani.